Filamu ya Masikio

Leo ni zamu ya filamu, na safari hii redio ina haki ya kuizungumzia kuliko hata televisheni. Ni filamu ya Kijerumani ya mwaka 1981, inaitwa Das Boot, kisa cha nyambizi ya vita katika bahari ya Atlantiki mwaka 1941. Wengi wetu tuliiona, kama tuliiona, kwenye kanda ya VHS iliyonakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala, picha giza tupu, sauti inakoroma. Siku hizi ipo kwenye diski, imesafishwa, sauti yake imetengenezwa upya, na nasema bila kupepesa macho: aliyeiona kwenye kanda ile bado hajaiona. Au niseme vizuri zaidi, hajaisikia.

Chukua sehemu moja tu. Nyambizi imezama, injini za dizeli zimezimwa, mota za umeme zinazunguka taratibu mno. Amri ni kimya. Hakuna kutembea ovyo, hakuna kuangusha hata kijiko, kwa sababu juu yao manowari ya Waingereza inazunguka inawatafuta. Baharia mmoja, Hinrich, amekaa kwenye kichumba chake kando ya ujia, hedifoni masikioni, anazungusha gurudumu dogo kwa vidole ili ajue propela za adui ziko upande gani. Nahodha ameinama karibu naye, wanasemezana kwa kunong'ona. Baada ya muda Hinrich hana haja ya kusema tena, maana propela zile zinasikika na kila mtu, bila hedifoni, kupitia chuma chenyewe. Kisha unakuja mlio wa mashine ya Waingereza ya kutafuta vitu chini ya maji, mawimbi ya sauti yanayogonga ubavu wa nyambizi na kurudi yalikotoka, kama kijiwe kilichorushwa juu ya bati usiku. Kisha kimya. Kisha mabomu.

Katika dakika hizo kamera haina cha kukuonyesha zaidi ya nyuso za wanaume wenye ndevu wanaotazama dari. Wanatazama dari kana kwamba wataona kitu, na hakuna cha kuonekana. Vita yote iko masikioni. Ndiyo maana nasema filamu hii haikutendewa haki na kanda zetu za zamani, wala na wale wafasiri wa vibanda umiza, Mungu awape maisha marefu, waliokuwa wakisimulia juu ya kila picha bila kupumua. Kwenye sinema ya ngumi na mateke mfasiri ni raha tupu. Hapa angeua kila kitu, kwa sababu nusu ya kisa ni watu kunyamaza.

Mwongozaji wake ni Wolfgang Petersen, aliyefariki Agosti 2022. Baadaye alihamia Hollywood akatengeneza Air Force One na Troy, ambazo najua wengi wenu mmeziona. Kisa alikitoa kwenye riwaya ya mwaka 1973 ya Lothar-Günther Buchheim, na Buchheim hakubuni hewani. Alikuwa mwandishi wa habari za vita wa jeshi la majini la Ujerumani, akapanda nyambizi nambari U-96 mwaka 1941, akaenda nayo doria. Katika filamu yeye ndiye Luteni Werner, kijana msafi anayeingia na kamera yake akidhani amekuja kupiga picha za mashujaa. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Herbert Grönemeyer, ambaye baadaye akawa mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa Ujerumani. Nahodha, ambaye vijana wake wanamwita Mzee ijapokuwa umri wake ni miaka thelathini tu na ushei, ni Jürgen Prochnow. Nahodha wa kweli wa U-96, Heinrich Lehmann-Willenbrock, alinusurika vita, akaja kuwa nahodha wa Otto Hahn, meli ya Ujerumani iliyoendeshwa kwa nishati ya nyuklia, na filamu ilipotengenezwa akaitwa kuwashauri. Dunia ina mizunguko yake.

Sasa sikiliza walivyoitengeneza, maana hapo ndipo penye siri ya sauti. Ndani ya studio za Bavaria, nje kidogo ya jiji la Munich, walijenga tumbo la nyambizi kwa ukubwa wake halisi, mrija mrefu wa chuma uliojaa mabomba, vali, saa za kupimia na vitanda vyembamba, wakaupandisha juu ya mtambo wa kuutikisa na kuuinamisha. Nyambizi ya aina ile ilikuwa na urefu wa mita 67 hivi, lakini ndani watu wawili wanapishana kwa kubanana. Watengenezaji wengine wangeondoa ukuta mmoja ili kamera ipate nafasi. Petersen alikataa. Mpiga picha wake, Jost Vacano, akatengeneza kamera ndogo ya kushika mkononi yenye vifaa vya kuituliza isicheze, akavaa kofia ngumu na nguo za kujikinga, akawa anakimbia nayo kutoka tezi hadi omo, akipita kwenye matundu ya milango ambayo mtu mzima anayapita kwa kujikunja. King'ora kinapolia na mabaharia wote wakakimbilia mbele ili uzito wao uisaidie nyambizi kuzama upesi, wewe unakimbia nao. Hakuna aliyelifanya hilo kabla yake namna ile.

Lakini kamera ile ilikuwa na kelele. Mtambo wa kuitikisa nyambizi nao ulikuwa na kelele zake. Kwa hiyo hakuna sauti ya pale studio iliyotumika. Waigizaji walirudi baadaye kwenye chumba cha kurekodia wakasema maneno yao upya, na kila mlio unaousikia, kila tone la maji, kila buti kwenye ngazi ya chuma, ulitengenezwa peke yake na kupachikwa mahali pake.

Nalisisitiza hilo kwa sababu kuna wapenzi wa filamu ambao hawataki kusikia habari za toleo jipya. Wanasema sauti ya 1981 ndiyo sauti ya kweli, na kilichofuata ni kuremba. Mwaka 1997 Petersen aliifungua tena filamu yake, akaikata upya, akaifanya sauti izunguke chumba kizima, na miongoni mwa waliorudi kazini ni Mike Le-Mare, yule yule aliyeteuliwa kwa tuzo ya Oscar kwa sauti za toleo la kwanza. Mimi siungani na walalamikaji. Kama sauti ya mwanzo ingekuwa imenaswa pale pale, ningesema iacheni, ni ushahidi. Ila hii ilikuwa kazi ya mikono tangu siku ya kwanza, na mafundi wenyewe wamerudi na vifaa bora kumalizia walichokianza. Mwenye nyumba akirudi kupiga plasta, jirani hana kesi.

Matoleo yako matatu ya kuyajua, na wauzaji wengi huyachanganya. La kwanza lililoingia kwenye sinema lilikuwa la dakika 149. Fedha nyingi zilitoka kwenye vituo vya televisheni vya Ujerumani, hivyo tangu mwanzo zilipigwa picha za kutosha kwa tamthilia ya karibu saa tano, ambayo BBC iliirusha mwaka 1984 na Wajerumani wakaiona kwao mwaka 1985. Lile la mwaka 1997, la dakika 209 hivi, liko katikati. Mwaka 2011 lilitoka la Blu-ray lenye diski mbili, ndani yake toleo fupi na la mwongozaji pamoja.

Utauliza, saa tatu unusu za nini? Za kuchoka, msikilizaji. Toleo fupi ni filamu ya vita nzuri sana. Toleo refu ni habari ya watu wanaongoja. Mwanzoni chakula kimetundikwa kila mahali, soseji zinaning'inia juu ya mabomba, mikate imejazwa kwenye nyavu, hata choo kimoja kati ya viwili kimegeuzwa stoo, kwa hiyo watu karibu hamsini wanapanga foleni kwenye choo kilichobaki. Siku zinapita hawaoni meli hata moja. Mikate inaota ukungu. Chawa wanawavamia. Mmoja akitoka zamu mwenzake anaamka, yeye analala kwenye joto la yule. Kisha dhoruba ya siku na siku. Picha zilipigwa kwa mfuatano wa kisa, na waigizaji walizuiwa kuota jua, hivyo ndevu zile na weupe ule wa ugonjwa si wa poda. Ukifika wakati wa shambulio la kwanza umekwisha kuchoka pamoja nao, na unajikuta unaitamani vita ianze. Hapo Petersen amekukamata, na ni vizuri ujue kwamba amekukamata.

Halafu Gibraltar. Wameamriwa kupita usiku kwenye mlango ule mwembamba wa bahari ambao Waingereza wanaulinda kwa macho yote. Wanapigwa kutoka angani, nyambizi inashindwa kujizuia, inazama. Kwenye kanda ya zamani sehemu hii ilikuwa watu wanapiga kelele gizani. Kwenye diski mpya unaweza kufuata mshale wa saa ya kina ukipita mahali ambapo namba za rangi zimekwisha, unasikia chuma kikilalamika kwa sauti ndefu ya chini, unasikia skrubu zikichomoka kwenye ukuta na kuruka kama risasi. Wanagota kwenye mchanga, mita 280 chini. Tangu hapo ni saa nyingi za mafundi: kuziba maji, kuunganisha betri kwa vipande vya waya, hewa inapungua, watu wamelala na mirija midomoni. Fundi mkuu, aliyeigizwa na Klaus Wennemann, anakuja kumwambia nahodha kilichotengenezwa na kilichobaki, na uso wake umekwisha kabisa. Nimetazama filamu nyingi za vita. Sijaona nyingine ambayo shujaa wake ni mtu anayetengeneza betri.

Usafi una gharama zake pia. Picha ikiwa safi mno inaanika uongo uliokuwa umefichwa na uchafu. Kwa sehemu za baharini walitumia nyambizi ndogo za mfano pamoja na ile kubwa ya kuelea iliyopigwa picha La Rochelle, Ufaransa, na katika baadhi ya picha za dhoruba sasa unaona wazi kwamba mawimbi ni madogo kuliko yanavyojifanya, na wale mabaharia juu ya mnara ni vinyago. Haijaniharibia starehe. Kibaya zaidi ni tabia ya baadhi ya wasafishaji wa filamu kwa jumla, wanaofuta hata zile chembechembe za asili za filamu ya zamani mpaka nyuso zinakuwa kama za plastiki. Ukiona uso wa baharia hauna vinyweleo, jua umesafishwa kupita kiasi. Das Boot ni filamu ya jasho, mafuta ya dizeli na chunusi, haipaswi kung'aa.

Tuje kwenye jambo zito. Filamu inaanza kwa maandishi yanayosema kwamba kati ya mabaharia 40,000 wa nyambizi za Ujerumani, 30,000 hawakurudi. Petersen amesimulia kwamba filamu ilipoonyeshwa Los Angeles, maandishi yale yalipotokea watu ukumbini walipiga makofi. Walifurahi kwamba Wajerumani wale walikufa. Filamu ilipokwisha, watu wale wale walisimama kumpongeza. Iliteuliwa kwa tuzo sita za Oscar, haikupata hata moja, lakini kisa hicho cha makofi mawili nadhani kwake kilikuwa tuzo ya kutosha. Buchheim mwenyewe, mwenye riwaya, hakuridhika. Aliona waigizaji wanapayuka mno na filamu imekuwa ya kusisimua kupita kiasi. Wapo pia waliosema kwamba mabaharia wamepewa unyonge uliowasafisha: ndani ya nyambizi nzima Mnazi wa kweli kweli ni ofisa mmoja aliyenyoa vizuri, wengine wote wanamdhihaki. Hoja hiyo ina uzito. Ukikaa saa tatu unusu ndani ya chombo, unaanza kusali kisilipuliwe, na unasahau kilitumwa kufanya nini.

Petersen hakusahau kabisa. Kuna usiku ambapo nyambizi inarudi kuimalizia meli ya mafuta waliyoipiga saa nyingi kabla, bado inawaka. Topido linagonga. Ndipo wanaona watu juu ya sitaha, wanaokimbia wakiungua, wanaojirusha baharini. Nahodha anapaza sauti, kwa nini hawajaokolewa? Walioko majini wanaanza kuogelea kuifuata nyambizi, wanaomba. Nahodha anatoa amri, nyuma taratibu. Nyambizi inawakimbia waogeleaji. Katika sauti mpya vilio vile viko mbali, upande mmoja, na vinazidi kuwa mbali. Ni kama dakika chache tu kati ya 209. Kwangu ndizo dakika za filamu nzima.

Nasema hivyo nikiwa Mwafrika Mashariki, kwa sababu kwenye hadithi za nyambizi sisi tulikuwa upande wa majini. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya abiria na wanajeshi iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo katika msafara wa meli, ilipigwa topido karibu na visiwa vya Maldives na nyambizi ya Kijapani I-27. Ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500, wauguzi na akina mama wengine wa jeshi wakiwamo, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari wetu waliokuwa wakipelekwa kwenye vita ya huko Asia. Walikufa karibu watu 1,300. Ni miongoni mwa maafa makubwa kabisa ya baharini kwa upande wa washirika katika vita ile.

Na haikuishia kwenye topido. Nyambizi ile ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari mbili za Waingereza, Petard na Paladin, zilikuwa na uamuzi wa kufanya: kuwaokoa walioko majini, au kuiua nyambizi kabla haijaipiga meli nyingine iliyojaa askari. Mashua ziliteremshwa kuokoa, lakini mabomu ya majini nayo yaliangushwa, na yalilipuka mahali walipokuwa waogeleaji. Nyambizi ikalazimika kuibuka, ikazamishwa baada ya mapigano marefu. Yale mabomu ambayo kwenye filamu unayasikia ukiwa chini, umejikunyata na Wajerumani, ukiomba yapite, askari wa kikosi cha 301 waliyapokea wakiwa juu, miguu ikining'inia majini.

Silaumu filamu kwa kutosema habari hizo. Si bahari yake, si mwaka wake. Ninachosema ni kwamba mtazamaji wa huku akifika kwenye ile meli ya mafuta inayowaka ana haki ya kumtazama nahodha yule kwa jicho lake mwenyewe, hata kama ameshampenda.

Kama utaitafuta, tafuta la dakika 209, uliangalie kwa Kijerumani na maandishi ya chini. Toleo la Kiingereza lipo, na waigizaji wengi waliingiza sauti zao wenyewe, lakini minong'ono ile kwa Kiingereza inakuwa ya mtu anayesoma. Zima taa. Spika za televisheni hizi bapa zinatazama ukutani na hazina nguvu ya sauti za chini, kwa hiyo kama huna spika nzuri vaa hedifoni, hata za simu, zitakutosha kuliko za televisheni. Na usiangalie vipande vipande kwenye simu ukiwa ndani ya daladala. Utakuwa umenunua kelele.

Ombi langu la mwisho linahusu Kilindini. Wajerumani wana riwaya, wana filamu, wana nyambizi ya aina ile ile, U-995, imewekwa ufukweni Laboe karibu na Kiel watu wanaingia na kuigusa. Kikosi cha 301 hakina filamu. Kama katika ukoo wenu kuna babu aliyeingia jeshini wakati wa vita, akapanda meli Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1944, na barua zake zikakoma, muulize aliye mkubwa zaidi nyumbani kabla naye hajaondoka, kisha tuandikie hapa redioni jina lake na kijiji alichotoka. Tutayasoma yote hewani.